Bendi ya Ala za Kupuliza Ni Somo: Niliyojifunza Nikiitafutia Nafasi Shuleni

Nilipokabidhiwa jukumu la kuanzisha bendi ya ala za kupuliza katika shule niliyokuwa nikifundisha, uongozi ulikuwa na haja moja tu: siku ya mahafali na siku za kupokea wageni, shule iwe na bendi yake badala ya kukodi ya watu. Hakuna aliyenieleza wanafunzi watajifunza nini, wala aliyeuliza. Nilikuwa nimepiga klarineti tangu ujanani na kufundisha kwaya kwa miaka kadhaa, kwa hiyo nililipokea jukumu hilo kwa furaha kubwa. Ninaandika haya kwa ajili ya mwalimu, mzazi au mkuu wa shule anayekusudia kuanza kazi kama hiyo, kwa kuwa mengi yaliyotuchosha yangeepukika laiti sote tungeelewa mapema kwamba bendi inayoingia shuleni kama pambo hubaki pambo, na fedha zinapopungua pambo ndilo hukatwa kwanza.

Kazi ya awali ilikuwa kuandaa andiko la kuomba fedha. Kamati yetu ndogo ilikusanya kila sifa ya muziki iliyowahi kuisikia: kwamba huongeza akili, hupandisha alama za hisabati, na huondoa utovu wa nidhamu. Andiko liliposomwa mbele ya bodi ya shule, mjumbe mmoja akauliza kwa utulivu: kama lengo ni hisabati, kwa nini fedha hizi zisitumike kuongeza mwalimu wa hisabati? Swali lile lilikuwa la haki. Ni kweli kwamba wanafunzi wa muziki mara nyingi hufanya vizuri katika masomo mengine, lakini mambo mawili kwenda pamoja si ushahidi kwamba moja limelizaa jingine. Watoto wanaojiunga na bendi na kudumu humo mara nyingi ni wale ambao tayari nyumbani wana utulivu na watu wa kuwafuatilia, na tofauti hizo zikizingatiwa, manufaa yanayodaiwa hupungua sana. Kwa hiyo andiko la pili halikutaja hisabati hata mara moja. Lilieleza mwanafunzi ataweza kufanya nini mwisho wa kila mwaka: kusoma mstari wa nota asioujua, kushikilia sehemu yake huku jirani akipiga nyingine, kusikia kwamba sauti yake imepanda au imeshuka na kuirekebisha mwenyewe, kuitunza ala yenye thamani kubwa. Bodi iliidhinisha sehemu ya fedha. Tangu hapo sijawahi kuutetea muziki kwa kuukopea sifa za masomo mengine, na ninawasihi wenzangu wasifanye hivyo, kwa sababu hoja ya kukopa hubomolewa kwa swali moja tu.

Fedha zilizopatikana hazikutosha, tukaomba ala zilizokwisha kutumika. Zawadi ya ala inaweza kugeuka mzigo mzito. Miongoni mwa ala za shaba tulizopewa zilikuwamo kadhaa za kale zilizotengenezwa Uingereza, za kupendeza kwa macho na zenye sauti nene, lakini kila zilipopigwa pamoja na klarineti zilitoa sauti iliyo juu kiasi cha kukera masikio. Kwa muda mrefu ilidhaniwa kwamba midomo ya watoto haijakomaa, nao walisahihishwa bila kuwa na kosa, jambo ambalo linaniuma hadi leo. Sababu ilikuwa ndani ya bomba lenyewe. Bendi za shaba za Uingereza ziliendelea kutumia kimo cha sauti cha zamani, ambapo nota ya A ilikuwa karibu hezi 452 (yaani mitetemo 452 kwa sekunde), hadi kufikia miaka ya 1960, ilhali kimo kinachotumika leo katika sehemu kubwa ya dunia ni hezi 440. Tofauti hiyo inakaribia robo ya toni, toni ikiwa ni hatua ya kutoka do hadi re. Kuvuta bomba la kupatanishia sauti husaidia kidogo, lakini mabomba ya vali, yaani vibonyezo vinavyobadilisha urefu wa bomba, nayo yamekatwa kwa vipimo vya kimo kilekile cha zamani, kwa hiyo nota moja ikikaa sawa nyingine hukataa.

Anayepokea ala za msaada na azipime kabla ya kushukuru hadharani. Programu ya simu ya kupimia kimo cha sauti inatosha kuonyesha kama ala inafikia 440 au la. Abonyeze kila vali na kuona kama inarudi bila kukwama, aangalie kama vizibo laini vya klarineti na saksofoni bado vinafunika matundu, aulize kama kipande cha mdomoni na sanduku vimo. Mfadhili anayetaka kusaidia kwa dhati hataona ubaya akiombwa kuambatanisha fedha za matengenezo. Kwetu, gharama iliyosumbua zaidi baada ya ununuzi ilikuwa ya vitu vidogo ambavyo havimo katika picha ya bendi: mafuta ya vali, grisi ya kulainisha maungio ya klarineti, vitambaa vya kukaushia, na zaidi ya yote ridi, yaani ule ulimi mwembamba wa mwanzi unaotetema klarineti na saksofoni zinapopulizwa. Mtoto anayeanza huvunja ridi nyingi, na asipokuwa na ya akiba hukaa kimya mazoezi yote.

Klarineti na oboe (ala nyembamba inayofanana nayo) za hali ya juu hutengenezwa kwa mpingo, mti uleule unaochongwa vinyago, na nilipowaeleza wanafunzi jambo hilo walizitazama ala zao kwa heshima mpya. Hata hivyo, kwa shule ninashauri klarineti za plastiki ngumu. Mbao za mpingo, hasa zikiwa mpya, hupasuka zinapopata mabadiliko ya ghafla ya joto na unyevu, na darasa la watoto wanaoanza si mahali pa kuzilinda dhidi ya hatari hiyo.

Kugawa ala kulihitaji subira kuliko kuzitafuta. Karibu kila mtoto alitaka saksofoni au tarumbeta, na bendi yenye tarumbeta nyingi pasipo sauti za chini haisikiki kama bendi. Tuliwaacha wanafunzi wajaribu kila aina kwa majuma kadhaa, tukitazama mambo ya wazi: kama meno ya mbele ya kudumu yameota, kama vidole vinaziba matundu ya klarineti bila kuvujisha hewa, kama mkono unafika mbali kwenye tromboni, kama mtoto anapata sauti kwa wepesi au kwa kujikamua. Kisha kila mmoja aliandika chaguo tatu kwa mpangilio. Msichana mmoja mwenye umbo dogo aliandika tuba, ile ala kubwa ya shaba yenye sauti ya chini kabisa, kuwa chaguo lake la kwanza. Walimu wenzangu wawili walinishauri nimpe fluti, wakiamini kwamba tuba ni ya wavulana wakubwa. Nilimpa tuba, tukamtafutia kigoda cha kuiegemeza, na kwa miaka iliyofuata bendi nzima ilisimama juu ya pumzi yake. Dhana kwamba ala fulani ni ya jinsia fulani imewanyima watoto wengi ala ambayo wangeipenda, nayo haina msingi wowote katika mwili wala katika muziki.

Siku za kwanza za kupiga pamoja, mwenzangu wa kwaya aliyejitolea kusaidia aliandika C ubaoni na kumtaka kila mtu aipige. Zilitoka nota nne tofauti, watoto wakatazamana kwa hofu. Wapo wengi wanaokata tamaa hapa, kwa hiyo nieleze kwa ukamilifu. C iliyoandikwa kwa klarineti au tarumbeta husikika kama B-flati, yaani B iliyoshushwa nusu toni. Iliyoandikwa kwa saksofoni alto husikika kama E-flati. Kwa honi ya Kifaransa husikika kama F. Kwa fluti, tromboni na tuba hubaki C. Ndiyo maana vitabu vingi vya kuanzia huanza na B-flati ya kusikika: fluti, tromboni na tuba husoma B-flati, klarineti na tarumbeta husoma C, saksofoni alto husoma G, na honi husoma F. Tulichora jedwali kubwa la nota hizo na kulibandika ukutani, na wanafunzi waliacha kulitazama wenyewe pale walipokuwa tayari.

Katika majuma hayo ndipo nilipoanza kuona kwa macho yangu bendi inafundisha kitu gani. Tarumbeta ina vali tatu tu, na bila kubonyeza hata moja mpigaji anaweza kutoa C, G, C ya juu, E na G nyingine, kutegemea midomo na pumzi. Kwa hiyo mtoto asiyeisikia nota kichwani kabla ya kupuliza atapata nota nyingine iliyo jirani nayo. Kidole peke yake hakitoshi; sikio lazima litangulie. Kwa sababu hiyo tuliimba kila mstari kabla ya kuupiga, na sehemu ya kwanza ya kila kipindi ilikuwa nota ndefu zinazopigwa taratibu, kila mmoja akimsikiliza wa sauti ya chini. Watoto waliozoea kujibu maswali kwa haraka walilazimika kungoja. Mpiga ngoma alijifunza kuhesabu vipimo (mafungu ya mapigo) vingi vya kimya na kuingia mahali pake pasipo kuashiriwa, akijua kwamba hakuna mwingine atakayeingia badala yake. Katika masomo mengi mwanafunzi akikosea anaumia mwenyewe. Katika bendi, kutokuwapo kwake kunasikika, na kuwapo kwake vilevile. Sijui njia nyingine ya shuleni inayomfundisha mtoto wa umri ule jambo hilo kwa uwazi kiasi hicho.

Mwalimu wa fizikia, ambaye chumba chake kilipakana na chetu na ambaye mwanzoni alikuja kulalamikia sauti, ndiye aliyekuwa mtetezi wetu wa kwanza. Aliwasikia wanafunzi wakiuliza kwa nini bendi inapanda sauti chumba kinapopata joto, akaomba awaeleze yeye: joto la hewa likiongezeka nyuzi moja ya Selsiasi, kasi ya sauti huongezeka kwa karibu mita 0.6 kwa sekunde, na bomba la urefu uleule hutoa sauti ya juu zaidi. Baadaye alileta darasa lake lisikilize kwa nini fluti na saksofoni, zikipulizwa hadi rejista ya juu, hupanda oktava moja, yaani hadi nota ya nane, ilhali klarineti, ambayo hutenda kama bomba lililozibwa upande mmoja, huruka hadi nota ya kumi na mbili. Wanafunzi walisikia kwanza, wakakokotoa baadaye.

Kisha ikaja sherehe. Uongozi ulitaka bendi ipige kwenye mahafali wakati watoto bado hawajamaliza kurasa za mwanzo za kitabu, na hapakuwa na makubaliano yoyote ya maandishi ambayo ningeweza kuyatumia kukataa. Tuliacha kila kitu tukawafundisha nyimbo tatu kwa kuigiza, kidole kwa kidole, na wasioweza waliwekwa nyuma washike ala tu. Makofi yalikuwa mengi. Muhula uliofuata, nilipoweka karatasi mpya mbele yao, karibu wote walinitazama wakingoja niwaonyeshe vidole. Ari ya kusoma nota ilikuwa imekufa, na baadhi ya wale waliowekwa nyuma hawakurudi kabisa. Nilihuzunika sana, kwa kuwa watoto wale hawakushindwa. Walifundishwa kwamba kuonekana kunatosha.

Badala ya kulalamika tuliwaalika wazazi na wajumbe wa bodi kwenye mazoezi ya wazi. Hatukupanga viti vya watazamaji mbele. Tuliviweka katikati ya wapigaji. Mama mmoja aliketi karibu na mwanawe aliyepiga klarineti ya tatu, sehemu ambayo kwa kawaida haisikiki kwa mtu wa nje. Tulipiga vipimo vichache vyote pamoja, kisha sauti za chini peke yake, kisha klarineti ya tatu peke yake, kisha tukapiga tena bila hiyo ya tatu, na kila aliyekuwamo alisikia jinsi muziki ulivyobaki mtupu. Wazazi waliona mtoto akikosea, akisikiliza, akirudia, akipata. Hakuna onyesho lililowahi kuitangaza bendi yetu kwa nguvu kama alasiri ile, na maombi ya wazazi yalibadilika kuanzia hapo: waliacha kuuliza sare zitanunuliwa lini, wakaanza kuuliza ridi zinapatikana wapi.

Baada ya hapo tuliandika makubaliano mafupi na mkuu wa shule: idadi ya juu ya matukio kwa muhula, taarifa itolewe mapema, na nyimbo zitokane na zile ambazo tayari ziko katika mafunzo. Tulipigania pia kipindi ndani ya ratiba. Bendi ya baada ya masomo huwaacha nje wanaoishi mbali na wenye kazi za nyumbani, na polepole huwa bendi ya wenye nafasi. Tulichokubaliana ni mazoezi ya pamoja ndani ya ratiba, pamoja na vikundi vidogo vinavyotolewa darasani kwa zamu, kwa mpangilio unaohakikisha kwamba mwanafunzi hakosi somo lilelile juma baada ya juma. Walimu wenzangu walipewa ratiba ya zamu hizo mapema na orodha ya mahudhurio kila juma. Manung'uniko hayakwisha, lakini yalipungua.

Kuhusu sauti, mwenzangu wa jirani alikuwa na haki kuliko alivyodhani. Kipimo kinachotumiwa na wataalamu wengi wa afya ya kazini ni desibeli 85 kwa saa nane, na kila desibeli 3 zinapoongezeka muda salama hupungua kwa nusu, hivyo desibeli 94 huruhusu saa moja tu. Bendi katika chumba kidogo chenye kuta ngumu hufika hapo bila shida. Tulitundika mapazia mazito, tukawainua wapiga tarumbeta nyuma ili midomo ya ala isielekee masikio ya walio mbele, tukaweka mapumziko ya kimya, na kuwapa vizibo vya masikio wanaokaa karibu na ngoma. Masikio ya mtoto yakidhurika hayarudi.

Muziki wenyewe nao ulihitaji kutetewa. Mjumbe mmoja alisema kwamba bendi ya kupuliza ni okestra iliyokosa vinanda vya nyuzi. Sikubishana naye, nilimsikilizisha. Mwaka 1909 Gustav Holst wa Uingereza alitunga Siuti ya Kwanza katika E-flati kwa ajili ya bendi ya kupuliza, si kwa ajili ya kitu kingine. Mwaka 1952 Frederick Fennell aliunda Eastman Wind Ensemble huko Rochester, Marekani, ambamo kwa kawaida kila sehemu ina mpigaji mmoja, na watunzi wengi waliandika kwa kundi la namna hiyo. Japani mashindano ya kitaifa ya bendi hizi yalianza mwaka 1940, na hadi leo shule nyingi hushiriki. Siuti ya Holst ilituzidi uwezo, lakini inaanza na wazo la vipimo vinane linalopigwa na tuba na yufoniamu (ala ya shaba inayofanana na tuba ndogo) peke yake, na wazo hilo binti yetu wa tuba alilimudu. Holst alifariki mwaka 1934, kwa hiyo katika nchi zinazolinda haki kwa miaka 70 baada ya kifo cha mtunzi kazi hiyo iko huru, ingawa matoleo mapya yanaweza kuwa na haki zake. Kwa kazi za watunzi walio hai, nunueni nakala au ombeni ruhusa kwa maandishi. Kunakili tu ni kuwanyang'anya watu ambao bendi inawategemea. Bendi changa ambayo haina oboe wala basuni (ala ndefu ya mbao yenye sauti ya chini) itafaidika na mipangilio nyumbufu, ambapo muziki umegawanywa katika sehemu nne au tano na kila sehemu inaweza kubebwa na ala yoyote yenye upeo wa sauti unaofaa.

Suala la fedha za wazazi lilituchosha hadi tulipotenganisha mambo mawili. Ala ni mali ya shule na huazimwa kwa mkataba wenye namba ya ala na hali yake. Mchango ni wa vifaa vidogo tu, na asiyeweza kuutoa hulipiwa na mfuko wa bendi bila jina lake kutajwa popote. Kipande cha mdomoni kila mtu awe na chake. Kikilazimika kutumiwa na zaidi ya mmoja, kioshwe kwa sabuni na maji ya vuguvugu na kutiwa dawa ya kuua vijidudu, na ridi isiazimwe kamwe. Nilijifunza kwa fundi matengenezo madogo pamoja na wanafunzi wawili wakubwa. Kipande cha mdomoni kilichokwama kwenye tarumbeta kisivutwe kwa koleo, kwani bomba hupinda au kupasuka. Kipo kifaa maalumu cha kukivutia, na kimoja kinatosha shule kwa miaka mingi.

Bajeti ya shule ilipopunguzwa miaka kadhaa baadaye, kilichoondolewa kilikuwa fungu la sare na mapambo ya sherehe. Kipindi cha bendi hakikuguswa, kwa sababu kilikuwa na mpango wa mafunzo, tathmini ya kila mwanafunzi na rejista ya ala ambayo mkaguzi yeyote angeweza kuifungua. Wanafunzi wa mwanzo wamekwisha kuondoka, na wakubwa wa sasa ndio wanaowashika mkono wanaoanza, kila mmoja akiwa na mdogo wake wa kumfundisha nota ndefu kabla ya mazoezi.

Sasa tunajiandaa kupata oboe ya kwanza. Ridi yake ni mbili zilizofungwa pamoja, ni dhaifu, na anayeanza moja kwa moja na ala hiyo mara nyingi hukata tamaa, kwa hiyo tumemteua mwanafunzi wa klarineti ambaye sikio lake limekwisha kutulia, na fedha za ridi za mwaka mzima zimetengwa kabla ya ala yenyewe kuagizwa.